Jalada la Toleo la Mia Tatu

Simu ilipoita saa mbili na robo asubuhi, Sindano alikuwa amesimama mbele ya kabati lake la nguo, anapapasa ukosi wa blauzi moja baada ya nyingine. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta mafundo. Fundo moja la uzi ndani ya ukosi lilimaanisha nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia. Aliyashona mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, na hapakuwa na mtu aliyejua.

Aliyepiga ni binti yake.

"Mama, wamesimamisha mashine."

"Nani kasimamisha?"

"Nani mwingine? Fundi Rangi wako huyo! Jalada lilikuwa linachapwa tangu alfajiri. Yeye kaingia kazini, kaangalia karatasi moja tu, kabonyeza kitufe. Toleo la mia tatu, Mama! Vaa, nakuja kukuchukua."

Sindano akakaa kitandani. Jalada lile alilitia saini jana, yeye mwenyewe, mbele ya kijana wa zamu ambaye hakuthubutu hata kumtazama usoni. Alilitazama kwa dakika nzima, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeridhika, akaandika jina lake chini. Usiku kucha moyo ulimwenda mbio na hakujua kwa nini. Sasa alijua.

Jina la Sindano alipewa na mafundi cherehani, zamani, kwa sababu ya ulimi wake na kwa sababu mama yake alikuwa mshonaji. Akiwa na miaka ishirini na tisa alikuwa mpiga chapa wa barua katika gazeti moja, mume ameshaondoka zake, mtoto wa miaka miwili mgongoni. Akamwomba mhariri ukurasa mmoja tu wa mavazi. Mhariri akacheka mpaka akakohoa. "Nguo si habari, dada yangu." Mwezi uliofuata Sindano akaacha kazi, akapanga vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, akatoa jarida la kurasa kumi na sita, picha zote nyeusi na nyeupe, zimepigwa darini huku shuka la kitanda likiwa ukuta wa nyuma. Akaliita *Pindo*.

Ndani ya miaka kumi, hapakuwa na chumba cha kushonea mjini ambacho hakikuwa na ukurasa wa *Pindo* umebandikwa ukutani. Fundi aliyetajwa humo aliamka na kukuta foleni mlangoni. Aliyenyamaziwa mwaka mzima alianza kufikiria biashara nyingine. Aliwahi kumweka kwenye jalada muuguzi mstaafu mwenye mvi kichwa kizima. Aliwahi kumweka mwanamke aliyeungua uso, akiwa amevaa gauni la harusi. Watangazaji wa biashara wakamkimbia, wakarudi mmoja mmoja wakijikuna. "Mtu akifunga *Pindo*," alikuwa akiwaambia wahariri wake, "ajione mzuri. Akijiona maskini, tumemwibia."

Na walimwogopa kwa jicho lake. Walisema Sindano anaweza kukutajia nyekundu kumi na nne bila kurudia.

Miezi minane iliyopita daktari wa macho alizima taa, akawasha nyingine, akaketi karibu naye. "Mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo inachoka, mama. Rangi ndizo huanza kuondoka. Nyekundu ndiyo ya kwanza."

"Na baadaye?"

"Baadaye tutaona," daktari alisema, kisha akaona aibu kwa neno lile.

*

Ndani ya gari binti alizungumza tangu getini. Alikuwa mhariri mkuu msaidizi, miaka ishirini na saba, mkali kama mama yake, ila mama yake alikuwa na ucheshi wa kupoza ukali.

"Nilishasema tuhame kile kiwanda. Nilisema mwezi wa kwanza, nikasema wa tatu. Wewe hutaki. Na sote tunajua kwa nini hutaki."

"Kwa nini?"

"Mama, usinifanye niseme."

"Sema."

"Kwa sababu yake! Mama Mkubwa naye kasema. Kasema mdogo wake kavalisha mji mzima, halafu mwishoni aolewe na mtu wa mashine mwenye kucha nyeusi?"

"Dada yangu aliolewa na mwenye kucha safi. Mwulize alichopata."

"Si utani. Yule mtu anakutaka wewe au analitaka *Pindo*? Miezi minne tangu akuombe ndoa, na tayari anasimamisha mashine bila kumuuliza mtu."

Sindano aligeuza uso. Alitazama dirishani. Mabango, nguo za wapita njia, matunda kwenye mikokoteni, yote yalikuwa yamevaa rangi ya udongo.

*

Kiwanda kilikuwa kimya, na ukimya ule ulimtisha kuliko kelele. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akija hapa mara moja kila mwezi kutia saini sampuli, na hakuwahi kukuta mashine kubwa imelala. Wafanyakazi walisimama kando kama watu waliofiwa. Kando ya mashine zilipangwa karatasi zilizokwisha kuharibika, elfu tisa, rundo refu kumpita mtu kiunoni.

Mwenye kiwanda, mtu mnene wa kuhema, alikuwa kwenye meza ya taa. Pembeni yake alisimama Fundi Rangi.

Hakuwa mrefu, wala hakuwa mtu ambaye ungegeuka barabarani kumtazama. Mjane wa miaka hamsini na sita, koti la buluu la kazi, mvi zimeanzia masikioni. Lakini Sindano alipoingia, macho ya Fundi yalimfikia kabla ya salamu, yakamuuliza kama amelala, yakajibiwa kwamba hakulala. Yote hayo kabla binti hajafunga mlango.

"Madamu," alisema mwenye kiwanda, "pole kwa usumbufu. Nataka tumalize jambo hili kiutu uzima. Hii ya kushoto ndiyo uliyotia saini jana. Hii ya kulia ndiyo Fundi anayosema ndiyo sahihi. Tuambie mwenyewe. Gauni hili ulilitaka rangi ipi?"

Sindano akainama juu ya meza. Mwanga ulimpanda usoni. Mwanamitindo yuleyule mara mbili, shingo ndefu, gauni la mikunjo likishuka kama maji. Gauni la kushoto lilikuwa la udongo. Gauni la kulia lilikuwa la udongo.

"Mama?" binti alisema.

Akatazama tena. Alihesabu: kuna nafasi moja kati ya mbili. Akichagua vibaya, mbele ya watu wote hawa, ifikapo saa sita kila chumba cha kushonea kitakuwa kinacheka, au, mbaya zaidi, kinamsikitikia.

"Madamu?"

"Msimuulize yeye," alisema Fundi Rangi.

Alisema polepole, bila kuinua sauti. "Jana nilikuwa hospitali, kaka yangu alikuwa anafanyiwa upasuaji. Kijana wa zamu akatoa sampuli mashine haijapata moto, na wino bado haujakaa sawa. Mtu yeyote angedanganyika. Mimi ndiye mkuu wa rangi. Nilipaswa kuacha maelekezo, sikuacha. Kosa ni langu."

Mwenye kiwanda akamtazama kwa mshangao. "Karatasi elfu tisa, Fundi."

"Nimezihesabu."

"Basi vua koti, uniachie nifikiri."

"Na sisi tunataka iandikwe," binti akadakia. "*Pindo* halimtaki tena kwenye kazi zake. Naomba tukaandike barua sasa hivi, ofisini kwako."

Sindano aliinamisha macho mezani. Binti na mwenye kiwanda wakaondoka kuelekea ofisini, wafanyakazi wakajitawanya wakijifanya wana shughuli, na wale wawili wakabaki na meza ya taa katikati yao.

"Tangu lini?" aliuliza Sindano kwa sauti ya chini.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee. Tangu lini unajua?"

Fundi alichukua kitambaa akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Tangu toleo la mia mbili tisini na tatu. Ulitia saini midomo ya mwanamitindo ikiwa ya zambarau. Wewe, uliyewahi kunirudishia sampuli mara tano kwa ajili ya kifungo."

"Ukafanya nini?"

"Nikaisahihisha."

"Na toleo lililofuata?"

"Nikalisahihisha."

"Na lililofuata?"

"Yote, Sindano. Mpaka jana, kwa sababu jana sikuwepo."

Hakuwahi kumwita hivyo ndani ya kiwanda. Humu alikuwa Madamu siku zote. Jina lile likampata mahali palipokuwa wazi, naye akageuza maumivu kuwa hasira kwa sababu hasira aliizoea.

"Kwa hiyo miezi saba jarida langu unaliongoza wewe. Mimi nakuja hapa navaa, najipaka manukato, natia saini kama mtoto anayechezea kalamu, na wewe unasubiri niondoke."

"Si hivyo."

"Ungeniambia!"

"Nilikuuliza mara mbili. Mara ya kwanza ulisema taa za hapa zimezeeka. Nikabadilisha taa zote, nikapanda ngazi mwenyewe na mgongo huu. Ukaja mwezi uliofuata ukasema kichwa kinauma. Ningebadilisha na kichwa?"

Siku nyingine angecheka. "Ulinionea huruma," alisema.

"Nilikuogopa. Niliogopa siku ukijua kwamba najua, hutakuja tena. Utatuma mtu na bahasha." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Mwezi wangu mimi una siku moja tu. Zilizobaki zote ni za kuingoja. Ningeharibu siku hiyo kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Moyo wa Sindano ulitaka kwenda kwake. Hofu ikatangulia.

"Na ndoa uliyoniomba? Wakati huo ulishajua. Ulikuwa unaomba mwanamke, au ulikuwa unaokota kipofu?"

Sindano aliona bega la Fundi likishuka kidogo, kama mtu aliyeongezewa mzigo. Alitamani kulirudisha neno lile kinywani.

"Swali hilo," Fundi alisema mwishoni, "nitalijibu siku utakapokuwa unaliuliza kweli."

Akavua koti la buluu, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kona ya meza. Akaenda zake kuelekea ghala la karatasi bila kugeuka.

*

"Tia saini hapa," alisema binti ndani ya gari. Alimwekea mama yake barua mapajani, na kalamu juu yake. "Mwenye kiwanda kakubali. Wanamwondoa leo, wanachapa upya kwa hasara yao. Nimemwambia tutachagua rangi baada ya saa moja, wewe upumzike kwanza."

"Endesha."

"Najua inauma. Lakini umeona mwenyewe, kakiri. Mtu anayekupenda hawezi kukuharibia siku kama hii."

Sindano alishika kalamu. Barua ilikuwa fupi, imeandikwa vizuri. Binti alijifunza kwake kuandika hivyo. *Uzembe usiovumilika.* Alisoma maneno hayo mawili mara tatu. Alimkumbuka mtu yule akipanda ngazi na balbu mkononi.

Gari likasimama kwenye makutano.

"Taa ile ni rangi gani?" aliuliza Sindano.

"Taa ipi?"

"Hiyo iliyo mbele yetu."

"Nyekundu, Mama. Kwani huoni?"

"Naona iliyo juu ndiyo inayowaka. Kwa hiyo najua ni nyekundu. Rangi yenyewe siioni. Miezi minane sasa siioni."

Binti alimgeukia. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesubiri mwisho wa mzaha, na tabasamu likafa taratibu. Taa ikabadilika. Nyuma yao mtu akapiga honi, kisha wawili, kisha barabara nzima.

"Jana..."

"Jana nilitia saini udongo, nikidhani ni moto."

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari."

"Na nani?"

Sindano akashusha pumzi. "Na yeye. Sikumwambia. Aliona. Miezi saba amekuwa akinisahihishia kimyakimya, na leo kasema kosa ni lake ili nisiaibike mbele yako."

Binti akaweka paji la uso kwenye usukani. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. "Mimi nakaa mbele ya meza yako kila siku. Nakula na wewe. Yeye anakuona mara moja kwa mwezi."

"Wewe nilikuficha kuliko wote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukijua, itakuwa kweli."

Mwenye gari la nyuma akapita kando yao akitukana mpaka kwenye mababu. Binti alijifuta macho kwa mkono wa blauzi, kitu ambacho *Pindo* lisingemruhusu mwanamke yeyote kufanya.

"Sijampenda yule mtu, Mama. Nakuambia ukweli. Hata sasa sijampenda."

"Sijakuomba umpende. Nakuomba ugeuze gari."

*

Kiwandani, Sindano alizungumza akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa hataweza. Mwenye kiwanda alikuwepo, kijana wa zamu alikuwepo, na wafanyakazi kumi na kitu waliojisogeza taratibu.

"Jana nilitia saini kitu nisichokiona," alisema. "Macho yangu yamepoteza nyekundu. Sampuli ilikuwa mbovu, lakini mbovu huwa zinakuja hapa kila mwezi, na kazi yangu ilikuwa kuzikataa. Fundi Rangi hana kosa. Kosa lake ni kunifichia aibu yangu. Karatasi zile ni zangu."

Hakuna aliyejua atazame wapi.

"Kuanzia leo jalada la *Pindo* litatiwa saini na huyu." Akamgusa binti begani. "Chagua."

Binti alikwenda kwenye meza ya taa. Hakuchukua hata nusu dakika. Aliweka kidole kwenye karatasi ya kulia, akaandika jina lake, na Sindano aliyekuwa karibu alisikia kalamu ikikwaruza. Miaka ishirini na tano ilipita kwenye mkwaruzo ule. Kisha mwenye kiwanda akatoa ishara, na mashine ikaanza kuamka, kwanza kwa mlio mmoja mmoja, halafu sakafu nzima ikitikisika.

Watasema, aliwaza. Mchana watakuwa wanasema. Mtangazaji mkubwa atapiga simu akiwa na sauti ya msibani. Dada atakuja jioni, na kabla hajavua viatu atauliza nani atamtunza.

Alimkuta Fundi ghalani, kati ya marobota ya karatasi. Alikuwa ametia vitu vyake kwenye mfuko: kikombe, miwani ya akiba, redio ndogo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mwanga wa saa nne ulikuwa unaingia.

"Nimesikia," alisema Fundi. "Hukupaswa."

"Nilipaswa tangu mwezi wa kwanza." Akasimama hatua tatu mbali naye. "Nauliza tena. Sasa nauliza kweli. Na kabla hujajibu, sikiliza. Daktari anasema baada ya rangi huenda zikafuata nyuso. Miaka miwili, au mitano. Hajui. Sitakuwa yule unayemngoja. Nitakuwa mtu wa kushikwa mkono kwenye ngazi, mwenye hasira kila asubuhi, na hasira zangu unazijua."

"Nazijua. Nimezipata kwa miaka kumi na tisa bila hata kuwa mume."

"Usifanye utani."

"Sifanyi." Akauweka mfuko chini. "Toleo la themanini na moja. Ulikuja na mvua, ukaona kivuli cha kijani kwenye kola nyeupe, kivuli ambacho mimi mwenyewe sikukiona, na mimi ndiye fundi. Nikarudi nyumbani nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Nilikupenda siku hiyo, Sindano, wakati huo ukiona hata vumbi. Sikukuokota. Nilichelewa kusema, basi."

Sindano hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Aliuma mdomo.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi. Kama ni miwili, ni miwili. Sina maneno ya kuiongeza."

"Binti yangu hakutaki. Dada yangu ndiyo kabisa."

"Nitakwenda. Nitakaa watakaponikalisha, nitasikiliza watakachosema."

Sindano akavuta pumzi. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta, na mavumbi ya karatasi yalikuwa yanaelea kwenye mwanga wa mlango.

"Sogea hapa," alimwambia. "Hapa penye mwanga."

Akasogea. Sindano akamtazama. Miaka yote alikuwa akimtazama kwa wizi, juu ya sampuli, kupitia kioo cha mlango, haraka haraka kabla mtu hajaona. Sasa alianzia juu kwenye paji la uso, kwenye ile mistari miwili isiyolingana. Akashuka kwenye nyusi, kwenye kovu dogo kando ya jicho la kushoto ambalo hakuwahi kulijua, kwenye macho yenyewe, ambayo yalikuwa yamejaa na hayakukimbia. Alitazama jinsi mdomo ulivyojaribu kukaza na kushindwa. Alitazama kama mtu anayejifunza jambo atakaloulizwa.

"Mama?" Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. "Mama, tunasubiriwa."

Sindano alimsikia.

"Nakuja," alisema, na hakugeuka.